Dawa ya Kutu ni Kutu

Wazee wetu hunena ya kuwa dawa ya moto ni moto. Katika ukurasa wetu wa mwezi huu twapenda kuwaeleza habari za chuma ambacho kwacho twaweza kuligeuza neno lile kidogo na kusema: dawa ya kutu ni kutu. Aliyepata kulisahau panga lake nje usiku wa masika, akaliokota asubuhi lina madoa mekundu, atadhani twafanya mzaha. Kadhalika mwenye nyumba ahesabuye matundu ya mabati yake kila mwaka. Sote tumezoea kuihesabu kutu kuwa mwizi wa mali ya nyumbani. Lakini iko feleji, yaani chuma cha pua, ambayo mafundi huiacha wazi kwa makusudi, bila rangi wala mafuta, inyeshewe mvua na kupigwa jua hata ishike kutu. Na kutu hiyo ikiisha kukomaa huwa ngao ya chuma kilichobaki chini yake.

Hatuandiki haya ili kustaajabisha tu. Feleji hiyo imekwisha kufika kwetu, ijapokuwa wengi hawaijui kwa jina. Yale makontena yashushwayo melini Mombasa na Dar es Salaam, kuta zake kwa kawaida hufanywa kwa feleji ya jamaa hii. Yakiisha kuchakaa huuzwa, yakafanywa duka, ghala, ofisi, na pengine chumba cha darasa. Basi mwenye kununua asipojua kutu ipi ni mlinzi na ipi ni mharibifu, aweza kutupa fedha yake. Nchi kubwa zenye mafundi wengi zimetupa fedha nyingi kwa kutojua jambo hili hili, kama tutakavyoona.

KUTU NI KITU GANI?

Chuma tukitumiacho hutoka katika mawe, na ndani ya mawe hayo kimeungana na hewa ya oksijeni. Moto wa tanuu ndio utenganishao viwili hivyo. Tangu siku ile chuma hakina raha. Kikipata maji na hewa pamoja huanza kurudi katika hali yake ya kwanza, na kule kurudi ndiko tukuitako kutu.

Mwalimu apendaye kuwaonyesha watoto jambo hili hahitaji vyombo vya thamani. Na atwae bilauri tatu na misumari mitatu isiyopakwa zinki. Bilauri ya kwanza atie maji ya kunywa. Ya pili atie maji yaliyochemka kwa muda mrefu hata hewa iliyomo imetoka, kisha juu yake amimine mafuta ya kupikia ili hewa isirudi. Ya tatu atie maji yaliyokorogwa chumvi. Baada ya juma moja watoto watazame. Msumari wa kwanza utakuwa na kutu. Wa pili utabaki karibu kama ulivyokuwa, kwa kuwa una maji lakini umenyimwa hewa. Wa tatu utakuwa umeshika kutu pia, na mara nyingi kuupita wa kwanza. Mambo hayo matatu, maji, hewa na chumvi, tuyashike moyoni, maana habari yetu yote imesimama juu yake.

Ubaya wa kutu ya kawaida ni huu, kwamba haikai imara. Huchukua nafasi kubwa kuliko ile ya chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba, hupasuka, na kubanduka kama magamba. Gamba likianguka, chuma kipya chabaki wazi, nacho chaanza kuliwa. Hata lisipoanguka, lina vitundu na nyufa zinazofyonza maji kama sifongo na kuyaweka palepale juu ya chuma. Ndiyo maana jembe lililoachwa uani halikomi kuliwa mpaka limekwisha.

Kwa sababu hiyo watu wamezoea kukifunika chuma kwa rangi. Na kazi ya rangi haina mwisho. Katika nchi ya Uskoti liko daraja la reli, Forth Bridge, lililofunguliwa mwaka 1890, lenye tani zaidi ya 50,000 za feleji. Kazi ya kulipaka ilijulikana sana, hata Waingereza wakitaka kusema juu ya kazi isiyokwisha hutaja kupaka rangi daraja lile. Mwaka 2011 walimaliza kulipaka rangi ya namna mpya iliyo ngumu zaidi, baada ya kazi ya miaka mingi. Nayo rangi hiyo pia ina siku zake.

FELEJI ISIYOTAKA RANGI

Mwanzoni mwa karne ya 20 wenye viwanda vya chuma walikwisha kutambua ya kuwa feleji yenye shaba nyekundu kidogo ndani yake hudumu hewani kuliko feleji tupu. Mwaka 1933 kampuni ya United States Steel ya Marekani ikaanza kuuza feleji iliyoiita Cor-Ten. Jina hilo limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana mbili, kuikinza kutu na kuwa na nguvu ya kuvutwa pasipo kukatika. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya unyenyekevu: walitengenezea mabehewa ya makaa ya mawe. Rangi haidumu ndani ya behewa la makaa, maana mawe huikwangua kila siku. Tena kwa kuwa feleji ile ilikuwa na nguvu, bamba jembamba lilitosha, na behewa likawa jepesi.

Msidhani imechanganywa na vitu vingi. Katika kilo 100 za feleji hiyo ya namna ya kwanza mna shaba nyekundu gramu 250 hata 550, kromi gramu 500 hata 1,250, fosfori gramu 70 hata 150, na nikeli isiyozidi gramu 650; na silikoni, manganizi na kaboni kidogo. Karibu yote iliyobaki ni chuma. Mpishi ajua ya kuwa chumvi kidogo hubadili sufuria nzima, na hapa ndivyo ilivyo.

JINSI GANDA LINAVYOKOMAA

Sasa tufuate bamba moja la feleji hii tangu siku litokapo kiwandani. Kwanza lina gamba jeusi la tanuu. Mafundi waangalifu huliondoa kwa kulipiga kwa changarawe zirushwazo kwa nguvu ya hewa, ili bamba lote lishike kutu kwa usawa pasipo mabaka. Kisha husimamishwa nje.

Katika majuma ya kwanza asiyejua atasikitika. Mvua ikinyesha mara chache tu, bamba lageuka rangi ya chungwa bivu, na ukilipangusa kwa kidole kidole chatoka na unga mwekundu. Wakati huo halina tofauti kubwa na feleji ya kawaida. Maji yanayotiririka huchukua unga ule na kuchafua kila kitu kilicho chini. Katika mji wa Pittsburgh, Marekani, jengo la kampuni ile ile ya United States Steel lilimalizika mwaka 1970, lenye orofa 64 na kimo cha meta 256, nguzo zake za feleji zikiwa nje. Miaka ya kwanza kutu yake ilitia madoa njia za watu zilizo chini yake.

Lakini ndani ya kutu ile mambo yanaendelea kwa siri. Chuma kinapoliwa, ile shaba, kromi na fosfori hazichukuliwi zote na maji. Sehemu yake hubaki na kukusanyika katika kutu iliyo karibu na chuma. Mvua yanyesha, bamba lalowa. Jua latoka, bamba lakauka. Kila zamu ya kulowa na kukauka, kutu hujipanga upya. Ile ya kwanza, ambayo wataalamu huiita lepidokrosaiti, hugeuka polepole kuwa nyingine imara zaidi, iitwayo gothaiti. Chembe zake, kwa kuwapo kwa kromi na shaba, ni ndogo mno na zimeshikamana sana, kama udongo wa sakafu uliopigwa ukashindiliwa vizuri. Hivyo huwa na tabaka mbili: ya nje ni legevu kidogo, ya ndani ni nzito, haina nyufa nyingi, nayo imeng'ang'ania chuma. Maji na hewa huona shida kupita.

Rangi nayo hubadilika. Chungwa hugeuka kahawia, na kahawia huiva ikawa ya giza, na pengine ikaelekea zambarau. Mahali pazuri kazi hiyo huchukua miaka miwili hata mitano, kwa kadiri ya mvua na jua la mahali penyewe. Baada ya hapo chuma hakiachi kuliwa kabisa, lakini huliwa kwa uchache mno. Wahandisi wa Uingereza wanapopanga daraja la kudumu miaka 120, mahali penye hewa ya kawaida huongeza milimita 1 tu ya unene kwa kila upande ulio wazi, ili iwe fungu la kutu. Na likikwaruzwa, jeraha hushika kutu upya na kupona lenyewe kwa njia ile ile.

Neno kubwa hapa ni kukauka. Wengi hudhani ya kuwa feleji hii hulindwa na kitu kilichotiwa kiwandani. La, kiwandani hupewa uwezo tu. Ganda lenyewe hufanywa na hali ya hewa, na hali ya hewa isipofaa ganda halifanyiki.

MAHALI ILIPOFAA

Kwa miaka 30 hivi feleji hii ilikaa katika mabehewa. Aliyeiingiza katika majumba ya fahari ni Eero Saarinen, mchora ramani wa majengo, mzaliwa wa Finland aliyeishi Marekani. Kampuni ya John Deere, ambayo mwanzilishi wake alijulikana kwa plau ya feleji aliyoifanya mwaka 1837, ilitaka jengo kuu katika mji wa Moline, jimbo la Illinois. Saarinen aliona si vema watengenezaji wa plau wakae katika nyumba ya kung'aa kama kioo; akachagua feleji iachwe ishike kutu, rangi yake ipatane na miti na ardhi iliyolimwa. Alifariki mwaka 1961 kabla hajaliona limesimama. Jengo lilifunguliwa mwaka 1964. Mwaka 1967 mji wa Chicago ulisimamisha sanamu kubwa iliyobuniwa na Picasso, ya feleji ya namna hii, yenye kimo cha meta 15. Nako Gateshead, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1998 ilisimamishwa sanamu ya malaika iliyobuniwa na Antony Gormley, yenye kimo cha meta 20 na mabawa ya meta 54 kutoka ncha hata ncha.

Lakini faida kubwa imeonekana katika madaraja. Katika milima ya West Virginia, Marekani, liko daraja la New River Gorge, lililofunguliwa mwaka 1977. Upinde wake una urefu wa meta 518, na barabara yake iko meta 267 juu ya mto. Fikirini taabu na hatari ya kumning'iniza mpaka rangi mahali pa juu namna ile kila baada ya miaka michache! Feleji yake haikupakwa. Kutu yake ndiyo rangi yake.

MAHALI ILIPOSHINDWA

Sifa za chuma hiki zilipoenea, wengine walisikia nusu ya habari tu, kwamba ni chuma kisichotaka kutunzwa. Katika mji wa Atlanta ulijengwa ukumbi mkubwa wa michezo, Omni, uliofunguliwa mwaka 1972. Hali ya hewa ya mji ule ni ya joto na unyevu mwingi, na kutu ya ukumbi ule haikutulia kama ilivyotarajiwa. Ilikula mpaka matundu yakatokea ukutani, hata wasimamizi wakaweka uzio wa waya ili watu wasipenye bila tiketi. Ukumbi huo ulibomolewa mwaka 1997, ungali na miaka 25 tu.

Katika visiwa vya Hawaii ulijengwa uwanja uitwao Aloha Stadium, uliofunguliwa mwaka 1975 karibu na bahari. Hewa ya bahari huchukua chumvi. Kumbukeni bilauri ya tatu: chumvi huvuta unyevu, hivyo chuma hakikauki vizuri; tena huleta katika kutu namna nyingine iliyo legevu, isiyoshikamana. Ganda la kulinda halikufanyika. Fedha nyingi zilitumika kuutengeneza tena na tena, na mwishoni mwa mwaka 2020 wenye uwanja walitangaza ya kuwa hautapokea tena makundi ya watazamaji.

Wala bahari si mlango pekee wa chumvi. Katika nchi za baridi watu humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na maji yake hudondoka juu ya vyuma vya madaraja. Jimbo la Michigan lilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kujenga madaraja ya feleji hii katika miaka ya 1960. Kufika mwaka 1980 lilikuwa limezuia kuitumia, kwa sababu ya uharibifu ulioonekana. Mwaka 1989 serikali ya Marekani ikatoa mwongozo kwa wahandisi wote, ikieleza mahali pa kuitumia na mahali pa kuiepuka. Huko Uingereza nako desturi ni kutoijengea mahali palipo chini ya kilometa 2 kutoka baharini.

MASHAURI KWA NYUMBA ZETU

Kwa habari hizo twaweza kutoa mashauri machache, yawafae wenye makontena na wenye kununua bamba za feleji hii kwa mageti na nyua, kama wengine wafanyavyo siku hizi kwa kupenda rangi yake.

Kwanza, kontena halikusudiwi kukaa uchi. Kwa kuwa husafiri baharini hupakwa rangi, na rangi ndiyo mlinzi wake wa kwanza. Asili ya feleji yake husaidia pale rangi inapokwaruzwa, ili kidonda kisipanuke upesi. Bamba zake ni nyembamba, kiasi cha milimita 2 tu, kwa hiyo hazina akiba kubwa ya kuliwa. Wakaao Pwani, wanaoonja chumvi katika upepo, wasidanganyike na jina la feleji. Na wapake rangi.

Pili, tazameni chini kabla ya kutazama ukutani. Kontena lililolazwa juu ya udongo huoza tumboni, maana udongo hauachi kuwa na unyevu. Liinueni juu ya mawe au nguzo za saruji, hewa ipite chini. Majani na matope yasirundikane kando yake. Paa likibonyea na kutuama maji, linyosheni, au wekeni paa jingine juu yake.

Tatu, maji yasipate pa kukaa. Katika geti au uzio, kila pembe inayoshika maji ni shimo la kesho. Maungio yachomelewe yazibwe kabisa, maana kutu iliyobanwa kati ya bamba mbili huvimba hata kuzitenganisha. Bolti na vijiti vya kuchomelea viwe vya feleji ya jamaa ile ile. Wala msiiweke karibu na ukuta mweupe, isipokuwa mmekubali madoa ya miaka ya kwanza.

Nne, jifunzeni kuisoma kutu. Pigeni kwa nyundo ndogo, kisha sugueni kwa brashi ya waya. Kutu njema ni ya kahawia iliyoiva, chembe zake ni laini, nayo imeshika. Brashi hutoa vumbi kidogo tu. Kutu mbaya hutoka vipande vipande kama magamba ya samaki, au karatasi juu ya karatasi, na nyundo hutoa sauti ya kitu kilichokufa. Ile ya kwanza iacheni, msiikwangue kwa kutaka usafi, maana mtakuwa mmeivua ngao. Ya pili isugueni mpaka chuma kionekane, mtafute maji au chumvi vyatoka wapi, mzibe njia hiyo kwanza, ndipo mpake rangi.

Na walimu waliofanya jaribio la bilauri wasimwage maji upesi. Misumari ile si ya feleji tuliyoieleza, wala haitapata ganda la kuilinda hata ikiachwa miaka mingapi. Lakini watoto wakiulizwa ni kitu gani kilichokosekana katika bilauri zote tatu, watapata jibu wenyewe: hapakuwa na siku ya kukauka.